Fundi Hafundishwi kwa Chaki Peke Yake

Mara nyingi mji wetu wa Kisangani umekaa gizani, huku mto Tshopo ukiendelea kuanguka kwa kishindo kando yake. Bwawa la mto huo limetoa umeme tangu miaka ya 1950. Maji yangalipo; mashine ndizo zichakaazo, nazo zataka watu waliofundishwa kuzitengeneza. Basi yafaa tuulizane: vijana wetu wanaosomea uhandisi wafundishwe kwa namna gani?

Mara nyingi mwalimu huandika kanuni ubaoni, na mwanafunzi huinakili, huikariri, akafaulu. Apata cheti, naye hajafungua pampu hata moja. Kosa si la kijana. Mtihani ukidai maneno matupu, darasa zima litajifunza maneno matupu.

Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, shule ya ufundi ya Moscow ilionyesha njia nyingine. Mkuu wake, Victor Della-Vos, alikuwa ameigawa kila kazi, kama useremala na uhunzi, katika mazoezi madogo, toka jepesi hata gumu, yakifuata michoro. John Runkle, mkuu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alivutiwa, na mwaka ule ule chuo chake kikakubali kuanzisha karakana za kufundishia.

Nasi tunao mfano karibu. Kijana wa Wagenia hujifunza kusimamisha miti ya mitego katikati ya maporomoko kwa kushika kamba pamoja na wazee. Mkono wake wajua. Lakini kwa nini mti uliowekwa hivi hustahimili mkondo, na mwingine huvunjika? Hapo ndipo hesabu ya darasani ipatapo kazi yake.

Kwa hiyo mpango wa masomo uanzie mwisho. Tuulize kwanza: mhandisi atatakiwa kufanya nini mashine ikisimama usiku? Kisha turudi nyuma, somo kwa somo. Shule isiyo na karakana yaweza kuanza na pampu moja mbovu: wanafunzi waifungue, waichore, waipime, wafanye hesabu zake, waifunge tena, nayo itoe maji. Mtihani na uwe huo.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi shuleni na mikono yenye mafuta, msimgombeze kwamba amecheza. Mwulizeni amefungua nini, na kama ameweza kukifunga.