Sadaka Isubiri: Ilani ya Wakristo wa Kenyamonta

Sisi ni wakulima, wafugaji, walimu, makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa wa kata ya Kenyamonta na vijiji vya pande zote mbili za Mto Mara, Serengeti na Tarime. Tuko Wakatoliki, Wamenonaiti, Waanglikana, Wasabato na Walokole. Siku ya kukutana tuliigombania kuliko tulivyogombania mafundisho, maana Jumamosi ina wenyewe na Jumapili ina wenyewe, tukaangukia Alhamisi. Vuguvugu letu bado halina jina, na hatuna haraka ya kulipa jina. Lina neno moja: ng'ombe wa wizi asiingie kanisani kwa mlango wowote, awe sadaka, awe mahari, awe kitoweo cha sherehe ya kipaimara, na Mkristo aliyemchukua asisogee kwenye meza ya Bwana mpaka amemrudisha kwa mwenyewe.

Agizo hili si la kwetu. Yesu alisema wazi kwamba mtu akiwa ameshafika madhabahuni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale na aende wakapatane kwanza. Huku kwetu ndugu huyo mara nyingi yuko ng'ambo ya mto, na neno alilo nalo juu yetu lina pembe na kwato. Habari za Zakayo tumezisoma miaka yote kana kwamba jambo kubwa ni ufupi wake na ule mkuyu aliopanda. Watoto wanaigiza, tunacheka, tunakwenda kula. Lakini Zakayo alitaja hesabu mbele ya watu: aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Torati nayo, iliyoandikiwa wafugaji, ilikuwa kali zaidi juu ya ng'ombe: ukiiba mmoja ukamchinja au kumuuza, utalipa watano. Mahubiri juu ya mistari hiyo ni machache mno kwa mkoa wenye zizi karibu kila boma.

Wala asiseme mtu kwamba Injili kwetu ni ngeni, bado inatafuta mizizi. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911, na hapo ndipo alipobatizwa Julius Nyerere mwaka 1943. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Mapadre wa Maryknoll walipokea kazi ya Musoma mwaka 1946, na Musoma ikawa jimbo mwaka 1957. Zedekia Kisare alisimikwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania mwaka 1967. Waanglikana wana Dayosisi ya Mara tangu 1985 na ya Tarime tangu 2010. Kwa shule na zahanati zilizotokana na kazi hiyo tunashukuru, na hatutaki shukrani hiyo ichanganywe na malalamiko. Ila ni zaidi ya miaka mia moja sasa, na bado kuna wazee wetu wanaolala na panga chini ya kitanda, sikio moja likiwa zizini.

Kuna jambo moja la historia tunaloliona kubwa kuliko tarehe zote hizo. Mwaka 1942 Uamsho ulifika Shirati, ule ule uliokuwa umeanza Gahini nchini Rwanda na kupita Uganda. Watu walisimama wakataja dhambi zao kwa jina, si kwa mafumbo. Popote moto ule ulipopita Afrika Mashariki, waliookoka walijulikana kwa alama moja ambayo hata wasioamini waliiona: walirudisha walichoiba na kulipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa. Hakuna mmisionari aliyewashurutisha. Wengine waliwashangaza hata wamisionari, maana haki ilianza kudaiwa pande zote, na Mzungu naye akaambiwa atubu kiburi chake. Sehemu hiyo ya urithi tumeiangusha njiani. Tumebaki na pambio.

Wizi wenyewe nao umebadilika, na makanisa yanauhubiria wizi wa zamani. Wazee husimulia vijana waliovuka kwenda kwa Wamasai kutafuta ng'ombe wa mahari na sifa. Mtafiti Michael Fleisher, aliyefanya kazi Tarime katikati ya miaka ya 1990, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 jinsi uvamizi huo ulivyogeuka kuwa biashara ya fedha taslimu, Wakurya wakiwaibia Wakurya wenzao wa koo nyingine, na ng'ombe wakivushwa kuuzwa Kenya. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki za kivita mikononi mwa watu. Mkuki na gobole vikawa silaha za maskini. Leo anayebeba bunduki ni mmoja tu kati ya wengi. Yuko aliyekuja mchana kama mgeni akahesabu mifugo. Yuko anayejua njia ya kuvukia mtoni. Yuko mwenye lori, yuko mchinjaji, yuko anayeandika kibali cha kusafirisha mifugo bila kuuliza swali, yuko anayempigia simu mwizi kumwambia doria imeelekea wapi. Mahubiri yanamlenga yule wa bunduki, ambaye hayupo kanisani. Hao wengine wapo, na wengi wao wamebatizwa. Ilani hii inawahusu wao kwanza.

Tunasema hivi tukijua jinsi usiku wa yowe unavyokwenda. Yowe linapigwa, wanaume wanatoka, nyayo zinafuatwa kwa tochi za simu. Kwa desturi yetu, kijiji ambamo nyayo zimeishia ndicho kinachodaiwa. Ndiyo maana kuna nyayo zinazofutwa makusudi kwa kupitishiwa kundi la alfajiri. Anayelipitisha kundi hilo hajaiba ng'ombe hata mmoja, na Jumapili atasimama kuimba sauti ya pili bila wasiwasi wowote. Asubuhi mwenye mali anakwenda kituoni, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, anaambiwa gari halina mafuta. Akibahatika mtu akakamatwa, kesi inafika mahakamani na kufutwa kwa sababu mashahidi hawakutokea. Mashahidi ni sisi. Serikali imefanya mengi: Tarime na Rorya zina kanda maalumu ya kipolisi, jambo ambalo wilaya nyingi nchini hazina. Lakini hakuna kanda itakayotoa ushahidi badala ya jirani aliyeona.

Kwa hiyo mwanachama wa vuguvugu hili akiitwa kuwa shahidi, atakwenda. Hatakwenda peke yake. Jumuiya yake itamsindikiza hadi mahakamani na kukaa naye nyumbani usiku unaofuata, maana tunajua vitisho huja baada ya kesi kuliko kabla yake. Nauli tutachanga. Makanisa yetu yana mazoea ya kuchangia mabati na vipaza sauti. Nauli ya shahidi haijawahi kutangazwa madhabahuni, na kuanzia sasa itatangazwa.

Kuhusu sungusungu, tumebishana sana na hatukuafikiana kila kitu. Ulinzi huo ulianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukapewa msingi wa sheria mwaka 1989, na huku kwetu ukaingia ndani ya ritongo, mkutano wa ukoo uliokuwepo kabla ya serikali yoyote. Umerudisha mifugo mingi. Umevunja mifupa mingi pia, na si yote ya wezi. Baadhi yetu wanaona Mkristo asiingie kabisa. Wengi wetu tunaona aingie, alinde, afuate nyayo, apige yowe, lakini fimbo ya kumtesa mtu aliyefungwa kamba isishikwe na mkono unaopokea ekaristi. Akikataa kupiga watamwita mwoga, na Mara hakuna tusi zito kuliko hilo. Na avumilie.

Juu ya kuchoma watu moto hatukubishana. Gazeti litaandika kwamba ni wananchi wenye hasira kali, lakini sisi tunajua aliyeleta tairi na aliyeleta petroli, na tunajua mara nyingine aliyeharakisha moto alikuwa na sababu ya kumnyamazisha yule kijana kabla hajataja wakubwa wake. Mwanachama atakayekuta mtu anapigwa atasimama kati yake na kundi. Kama kuna mchungaji au padre jirani, apigiwe simu saa ile ile, na aje hata kama ni usiku. Joho ana la nini, kama si kwa saa hiyo?

Aliyeiba na anataka kurudi tumwekee njia, maana leo hana. Akikiri mbele ya watu atauawa. Akikaa kimya ataendelea. Kila dhehebu lina desturi yake hapa. Mlokole atasimama na kushuhudia, Mkatoliki atanong'ona kwenye kitubio, na siri ya kitubio haiguswi na ilani hii wala na mtu yeyote. Lakini padre ana haki ya kumwambia anayetubu kwamba majuto bila malipizi hayajakamilika, na tunaomba mapadre wetu waitumie haki hiyo. Akikubali, watu watatu wa makanisa matatu tofauti watampeleka ng'ombe, au thamani yake, hadi kwa mwenyewe. Hatutaficha kosa. Wizi wa mifugo ni jinai, si ugomvi wa majirani wa kumalizwa kwa kuchinja mbuzi, na polisi wakija kuuliza hatutasema uongo. Na palipomwagika damu, hakuna ng'ombe wala wazee watakaosimama mahali pa mahakama. Jambo hili litatugombanisha na baadhi ya wazee wa mila. Tumewaheshimu na tutawaheshimu. Inchama, baraza lao, ina mamlaka yake juu ya mengi. Juu ya uhai wa mtu haina.

Sasa mahari. Hapa tunajua tunagusa baba zetu na wajomba zetu, na rasimu ya kwanza ilipita juu juu tu hadi akina mama walipoirudisha. Walisema: mnazungumzia ng'ombe anakotoka, mbona hamzungumzii anakokwenda? Msichana anakeketwa Desemba ili ahesabiwe kuwa mkubwa. Akishahesabiwa mkubwa anaozwa. Anayemuoa anadaiwa ng'ombe asio nao, na kijana asiye na ng'ombe na anayetakiwa kuwapata kabla ya mvua tunajua ataelekea wapi usiku. Baba anayepokea hao ng'ombe haulizi. Ukeketaji wa mtoto umekatazwa na sheria tangu 1998, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Bado kila msimu mabinti wanakimbia usiku kwenda Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, au kituo cha Masanga kule Tarime kilicho chini ya Wakatoliki. Wanawakimbia wazazi waliobatizwa. Hatutafungisha ndoa ya msichana aliyekatizwa shule, na kabla ya ndoa yoyote wazee wa kanisa watauliza ng'ombe wa mahari wametoka zizi gani. Jibu la "tumewapata tu" halitapokelewa.

Akina mama hao hao walitukumbusha kwamba uchunguzi mkubwa hauhitaji polisi. Nyama ikiingia jikoni usiku wa manane na hakukuwa na mnada, mwenye jiko anajua. Walipendekeza wao wenyewe kwamba mwanachama mwanamke asipike nyama hiyo. Tuliwauliza, je, wakipigwa? Wakasema wanapigwa hata kwa chumvi. Basi mama akikataa kupika na akaadhibiwa, jumuiya yake itahamia uani kwake mchana ule ule na mumewe atajieleza kwa wote. Tunaamini kifungu hiki kimoja kitafanya kazi kuliko vingine vyote.

Neno kwa wageni wetu wamisionari, walioko na watakaokuja. Karibuni. Hatuwaombi fedha kwa ajili ya jambo hili, na mkitupa tutazirudisha, kwa sababu vuguvugu la kurudisha vitu likianza kula fedha za wengine litakuwa kichekesho cha wilaya nzima. Tunaomba mambo mawili. Mtuandike nyumbani kwenu kwa haki: tumechoka kuwa nchi ya mapanga katika barua za kuombea misaada, kama tulivyochoka na utani wa Watanzania wenzetu kwamba Mkurya akibisha hodi ufungue dirisha. Na uchungu wenu ulingane na wa jirani zenu. Mmisionari akivamiwa, habari hufika ng'ambo ya bahari kabla ya jua kuzama. Mjane akichukuliwa ng'ombe wake wote, habari hufika mtoni na kuishia hapo. Siku ya pili iwakute uani kwake.

Wapo watakaosema kwamba makanisa yatabaki matupu, na harambee zitakosa watoaji wakubwa. Inawezekana. Baadhi ya paa zetu zina mabati ambayo hakuna aliyeuliza yalitoka wapi, na yakivuja tutafunika kwa nyasi.

Anayetaka kujiunga hatatoa kiingilio. Ataleta orodha ya mifugo yake yote, akieleza kila mmoja alizaliwa zizini, alinunuliwa mnada gani na kutoka kwa nani, au alipokewa kwa mahari ya binti yupi. Orodha itasomwa kwa sauti mbele ya jumuiya yake na mbele ya mtu mmoja kutoka ng'ambo ya mto. Tumeambiwa kwamba orodha kama hiyo itawasaidia wezi. Wezi wanayo tayari. Wasio nayo ni sisi. Maparoko, wachungaji, wainjilisti na wenyeviti wa jumuiya watasomewa zao kwanza, Alhamisi ya kwanza baada ya mavuno, na mwumini yeyote atakuwa na ruhusa ya kunyoosha mkono na kuuliza.