Sabufa Kubwa, Sebule Ndogo

Kijana akihamia kwake kwa mara ya kwanza hapa Dar, orodha ya manunuzi haina siri: godoro, jiko la gesi, ndoo mbili na sabufa. Pazia litakuja baadaye. Kiti cha pili kitakuja mwezi ukiisha. Sabufa haisubiri.

Sina ugomvi na hilo. Muziki si anasa, na mtu aliyekaa kwenye foleni ya Mbagala au Kimara saa mbili ana haki ya kufika nyumbani akasikiliza kitu anachokipenda. Ugomvi wangu ni namna tunavyoichagua. Tunanunua kwa macho na kwa tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi, halafu tunaiingiza kwenye sebule ambayo ukinyoosha miguu unagusa meza ya televisheni.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Mpangaji wa chumba na sebule anunue sabufa ndogo, ya inchi 6 na nusu au 8 basi, na pesa inayobaki aiweke kwenye spika za pembeni. Sababu ni mbili: muziki wenyewe, na mtu anayelala upande wa pili wa ukuta.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwa mafundi, sabufa ni spika moja ya besi tu, inayoshughulika na sauti nzito za kuanzia hezi 20 hivi hadi 80 au 120. Mtaani kwetu sabufa ni seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya ndani, na vispika viwili au vitatu vya kuweka pembeni. Tofauti hiyo ina maana kubwa, nitairudia.

Sasa tuzungumzie wati. Ukipita Kariakoo utaona maboksi yameandikwa wati elfu kadhaa, na karibu yake herufi nne: PMPO. Hakuna kiwango kinachotambulika cha kupima PMPO, kwa hiyo kila mwenye kiwanda anaandika anachoona kinapendeza. Wewe geuza boksi, tazama kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Mara nyingi utakuta wati 40, 60, labda 100. Hiyo ndiyo habari, maana kifaa hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko ile inayoingia kutoka kwenye soketi. Na plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 haipitishi zaidi ya wati 3,000 hivi. Hizo 10,000 zinapitia wapi? Zingekuwa za kweli, nyimbo tatu tu zingekula uniti moja na nusu ya LUKU.

Tena wati hazifanyi kazi kama wengi tunavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua kwa shida. Ili sauti isikike imekuwa mara mbili, unahitaji kama wati mara kumi. Kwa hiyo kuongeza pesa ili utoke wati 60 kwenda 100 ni kununua kitu ambacho hutakisikia.

Kinachoamua zaidi ni chumba, na chumba hakiuzwi dukani. Sauti husafiri kama mita 346 kwa sekunde. Wimbi la besi la hezi 43 lina urefu wa mita 8. Sasa chukua sebule ya mita 3 kwa 4, ambayo kwa bei za kodi za mjini ni sebule ya kujivunia. Wimbi hilo nusu yake inaingia sawasawa kati ya ukuta na ukuta kwenye ule upande wa mita 4, linagonga, linarudi, linajijenga. Upande wa mita 3 mambo hayo hayo yanatokea kwenye hezi 58 hivi. Matokeo yake noti mbili tatu zinavuma kupita wenzake, na nyingine zinapotea kabisa kutegemea umekaa wapi.

Hapo ndipo muziki unapoumia. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41, kwa hiyo mngurumo wa sebule yako uko katikati ya uwanja wa mpiga besi. Weka muziki wa dansi wa zamani, wa bendi kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Gitaa la besi katika muziki ule linatembea, linapanda, linashuka, linajibizana na mwimbaji. Kwenye sabufa kubwa iliyofunguliwa besi hadi mwisho ndani ya sebule ndogo, mwendo wote huo unageuka kuwa "vuu, vuu, vuu" ya noti moja. Watu wanaita hiyo besi nzito, kumbe ni chumba kinalia.

Najua mtakaloniuliza. Si ununue kubwa halafu upunguze sauti? Swali zuri, na kifundi lina ukweli: koni kubwa inayocheza taratibu hutoa sauti safi kuliko ndogo inayosukumwa hadi mwisho. Lakini mtu huyo anapiga hesabu ya sabufa nzuri ya bei mbaya. Kwa pesa ile ile, boksi kubwa maana yake ni mbao nyepesi zaidi, amplifaya dhaifu zaidi na vispika vya pembeni vya kujazia. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, alikuwa na kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo: boksi dogo, besi ya kwenda chini sana, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, chagua mawili, la tatu lisahau. Sisi tumekwisha kuchagua, au tuseme mwenye nyumba ametuchagulia: boksi dogo. Na kwa mita 12 za mraba sauti kubwa hatuihitaji. Basi tuchukue besi nzuri ya kiasi.

Inawezekana kabisa. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research kule Massachusetts, na spika yao ya kwanza, AR-1, ilionyesha kwamba boksi dogo lililozibwa pande zote, lisilo na tundu, linaweza kushuka chini kuliko makabati makubwa ya enzi zile. Ukipata sabufa isiyo na tundu, isikilize vizuri kabla ya kuipita. Nyingi za bei rahisi zina tundu ambalo limepangwa livume kwa noti moja, ndiyo ile ile "vuu".

Sasa mahali pa kuiweka, maana sebule imejaa. Hapa ndipo ile tofauti ya majina inaporudi. Chini ya hezi 80 hivi sikio halitambui sauti inatoka upande gani. Kama una stereo yenye spika za inchi 5 au 6, ukaiongezea sabufa inayojitegemea, unaweza kuificha kando ya kochi karibu nawe. Kadiri ilivyo karibu, ndivyo utakavyoifungulia kidogo, na ndivyo jirani atakavyokushukuru. Lakini seti zetu za kawaida zina vispika vya inchi 3 ambavyo haviwezi kushuka, kwa hiyo boksi linalazimika kubeba hadi sauti za wanaume. Ukilificha nyuma ya kochi, msomaji wa taarifa ya habari ataongelea mgongoni kwako. Seti ya namna hiyo iache mbele, karibu na televisheni. Na ndiyo sababu nasema pesa iende kwenye spika za pembeni: zikiwa nzuri, boksi linapata uhuru.

Pembe ya chumba inaongeza besi bila kuongeza wati, lakini inaamsha mvumo wote wa chumba. Njia ya kupata mahali sahihi ni ya ajabu kidogo lakini inafanya kazi. Weka sabufa pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa sakafuni ukisikiliza. Pale noti zote zinaposikika kwa usawa, hapo ndipo mahali pake. Fanya hivyo ukiwa peke yako, wasije wakakupeleka hospitali.

Na usiamini masikio yako dukani. Kariakoo sabufa inapigwa mlango wazi, besi inatoka barabarani na kwenda zake. Nyumbani kwako inabaki. Nenda na flashi yako yenye vitu viwili: wimbo wa dansi wa zamani na mtu anayezungumza. Besi ikiimba noti tofauti, na mzungumzaji asisikike kama yuko ndani ya pipa, fungua pochi.

Nabaki na jirani. Nyumba nyingi za kupanga ni vyumba vilivyopangwa chini ya paa moja. Ukuta ni tofali za inchi 5, na mara nyingi unaishia kwenye dari. Juu yake ni kenchi na bati tu, hewa moja kwa wote. Ukuta huo unazuia maneno na unapunguza vinanda, lakini besi unaipitisha karibu bure. Ndiyo maana hujui jirani anasikiliza wimbo gani lakini unajua anasikiliza. Kipande cha godoro chini ya boksi kinapunguza mtetemo wa sakafuni, ila kinachopita hewani hakikizuii.

Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, tuna NEMC, na kila mara tunasikia baa zikikemewa. Vizuri. Lakini vipimo vya kelele kwa kawaida husomwa kwa desibeli A, mizani inayofuata usikivu wa sikio, na kwenye hezi 50 mizani hiyo inafuta desibeli 30 hivi. Kwa maneno mengine, kitu kinachomnyima mtoto wa jirani usingizi kinaweza kuonekana kidogo sana kwenye mashine. Sheria ikichelewa hapo, kinachobaki ni ustaarabu wetu.

Sisi wa magazetini tunarudi usiku kurasa zikishafungwa, tunalala wengine wakiamka. Muuguzi wa zamu ni hivyo hivyo, mlinzi, dereva wa daladala, muuza samaki anayeamka saa tisa kwenda feri. Nyumba yenye vyumba sita haina saa moja ambayo wote wako macho. Kwa hiyo "mbona ni mchana tu" siyo jibu kamili.

Basi, kabla hujapanda gari kwenda Kariakoo, pima sebule yako, andika urefu na upana kwenye simu. Ukisharudi na kuifunga, iache ikipiga kwa sauti unayoipenda, toka nje, gonga kwa jirani, omba ukae kwenye kochi lake dakika tano. Kiwango utakachokivumilia ukiwa pale, hicho ndicho kiwango chako cha saa nne usiku.