Mashine za Mionzi Hazitoshi

Mwandishi anayedai kwamba kupima saratani ya mlango wa kizazi vijijini ni kupoteza fedha, heri zitumike kununua mashine za mionzi, amekosea. Mashine tunazihitaji, tena sana. Lakini chembe zilizoharibika kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Katika muda huo, muuguzi akipaka mlango wa kizazi maji ya siki, baada ya dakika moja hivi sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe; mara nyingi huweza kuigandisha au kuiunguza siku hiyohiyo. Ati wanawake hawajitokezi? Aulize nauli ya Kigoma hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam! Na chanjo ya kuzuia saratani hii iliyosambazwa Tanzania mwaka 2018 ililenga wasichana wa miaka 14. Mama zao je? Angelalamikia kampeni zinazopima kisha zikaondoka bila kutibu, ningemuunga mkono.