Kona ya Jiji: Kura ya Mpangaji

Wanaoifuata kona hii wanajua kazi yake: tunachukua kitu kimoja cha London tunachokipita kila siku, tunakizungumza kwa Kiswahili mpaka kieleweke. Safari hii ni zamu ya uchaguzi wa madiwani. Najua kuna walioanza kupiga miayo. Subirini kidogo, maana jambo hili linamhusu kila anayelala kwenye chumba cha kupanga, na humu chamani hao ni wengi.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu "diwani" ni kitabu cha mashairi, na pia ni mjumbe wa baraza la mji. Zamani, katika miji ya Mrima kama Bagamoyo na Pangani, madiwani ndio waliokuwa wakubwa wa mji. Hawakupigiwa kura, lakini watu waliwaendea kwa mambo yaleyale tunayompelekea diwani wa leo: kiwanja, njia, ugomvi wa majirani.

Sasa twende Alhamisi, tarehe 8 Machi 1934. Siku hiyo wakazi wa London walichagua baraza la jiji lao, London County Council. Lilikuwa na madiwani 124 wa kuchaguliwa, na makao yake yalikuwa County Hall, lile jengo kubwa la kando ya mto linalotazamana na Bunge. Shule, hospitali za umma, zimamoto, madaraja, bustani na nyumba za kupanga za bei nafuu, yote hayo yalipita mikononi mwake.

Tangu 1907 baraza lilishikwa na chama cha Municipal Reform, yaani Wahafidhina waliovaa kanzu nyingine. Mwaka 1931 walipata viti 83, Labour wakapata 35 tu. Miaka mitatu baadaye meza ikapinduka: Labour 69, Municipal Reform 55. Waliberali, waliokuwa na viti 6, hawakubaki na hata kimoja. Kwa mara ya kwanza Labour wakaongoza jiji, chini ya Herbert Morrison, mtoto wa askari polisi aliyeacha shule akiwa na miaka 14.

Kura zile zilibadilisha nini? Daraja la zamani la Waterloo lilikuwa linadidimia, na watu walikuwa wamebishana kwa miaka juu ya kulibomoa. Bunge lilikataa kutoa fedha, lakini baraza jipya likaanza kubomoa mwaka huohuo wa 1934. Daraja tunalovuka leo kwenda South Bank lilitokana na uamuzi huo. Mwaka 1935 baraza likafuta kanuni iliyokuwa ikimwachisha kazi mwalimu wa kike pindi anapoolewa. Mwaka huohuo likaanzisha mpango wa kununua mashamba na misitu ya kuzunguka jiji ili visijengwe vyote. Ukipanda treni kutoka hapa ukaona mara nyumba zimekwisha na ng'ombe wameanza, mpango ule ni sehemu ya sababu.

Lakini kwenye uchaguzi ule alipiga kura mtu mmoja tu hivi kati ya kila watatu waliokuwa na haki. Na nyuma yao kulikuwa na wengine ambao sheria haikuwataka kabisa. Hao ndio ninaotaka tuwazungumze.

Kura ya Bunge wakati ule alikuwa nayo kila raia aliyetimiza miaka 21. Kura ya diwani ilifuata nyumba. Uliipata ukimiliki au kupanga nyumba, au ukipanga chumba kitupu ukaweka vyombo vyako mwenyewe, au ukiwa umeolewa na mtu wa namna hiyo. Aliyepanga chumba chenye samani za mwenye nyumba hakuwa na kura. Mtoto mkubwa anayeishi kwa wazazi wake hakuwa nayo. Mfanyakazi wa ndani anayelala kwa tajiri wake pia hakuwa nayo. Hebu fikiri: kitanda cha mwenye nyumba kinakunyima diwani! Mambo yalikwenda hivyo mpaka 1945. Sisi wa miaka ishirini tungekosa mara mbili, kwa umri na kwa kitanda.

Halafu kulikuwa na suala la ulikotoka. Mzaliwa wa Bombay alihesabiwa raia wa mfalme, na hapa London aliweza kupiga kura na hata kugombea. Mtu wa Unguja au Dodoma alikuwa chini ya ulinzi tu wa Uingereza. Hata angepanga jumba zima na kulijaza makabati yake, kura hakuwa nayo. Ndiyo maana Novemba 1934, katika uchaguzi wa mabaraza madogo ya jiji, Krishna Menon alichaguliwa diwani wa St Pancras, na daktari Chunilal Katial akachaguliwa Finsbury. Menon alipigania maktaba za umma. Katial alisimamia mambo ya afya mpaka kituo cha afya cha Finsbury kikafunguliwa 1938, mwaka uleule alipokuwa meya. Jengo lile bado lipo Pine Street, kapigeni picha. India yenyewe ilikuwa bado inatawaliwa, na Wahindi hawa wawili walikuwa wakiwaamulia Waingereza mambo ya maktaba na zahanati.

Siku hizohizo Jomo Kenyatta alikuwa akiishi Pimlico, Cambridge Street. Nyumba ina kibao cha buluu mpaka leo. Alitumwa London kudai ardhi ya watu wake. Kule kwao Wazungu walikuwa wakichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1920, kisha Wahindi na Waarabu wakapewa viti vyao vichache. Waafrika walisubiri mpaka Machi 1957.

Sasa turudi kwetu. Mama yangu ana pasipoti ya Tanzania na amekaa hapa miaka 23. Tunaishi ghorofa ya sita katika nyumba za baraza. Lifti ikiharibika, yeye ndiye anayepiga simu, namba anayo kichwani. Nilimuuliza kama amewahi kumpigia kura diwani. Akacheka.

"Mwanangu, kura ni za wenyewe. Sisi wageni tushukuru Mungu."

Nikamwambia, "Mama, si wewe unayesema kila siku mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wewe umelima miaka 23!"

Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchicha. Baadaye akaniuliza, "Hiyo fomu inajazwa wapi?"

Inajazwa kwenye intaneti, kwa dakika chache. Sheria ya leo inasema hivi: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kupiga kura akitimiza miaka 18, hata kama ana viza ya mwanafunzi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Msumbiji zote zimo. Siku ya kura unatakiwa uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi hizo inakubaliwa. Mwanafunzi anayesoma mji mmoja na kwao ni mji mwingine anaweza kujiandikisha kote kuwili, na kwa uchaguzi wa madiwani akapiga kura kote kuwili, mradi ni mabaraza tofauti. Hakuna anayeuliza kitanda ni cha nani.

Hata hivyo, sheria haikuponya kila kidonda. Wanachama wetu wenye pasipoti za Kongo, Burundi, Somalia na Oman hawamo, labda wawe na uraia mwingine unaoruhusiwa. Rafiki yetu wa Bukavu anapanga chumba mlango wa pili kutoka kwangu, na takataka zetu zinachukuliwa na gari moja. Mimi nina kura, yeye hana. Mwaka 1934 ramani ya himaya iliamua nani wa Afrika Mashariki ahesabiwe London, na leo kivuli cha ramani ileile bado kinaamua. Wenzetu wanaosoma sheria, nawaachia mjadala huu: kwa nini kura ya diwani isimfuate mkazi tu, kama zamani ilivyoifuata nyumba? Nakala zenu zitapata nafasi katika toleo lijalo.

Kwa sisi tulio nayo, kazi ni nyepesi. Mabaraza ya London huchaguliwa kila baada ya miaka minne, na jina linatakiwa liwe kwenye daftari kabla ya tarehe ya mwisho kupita. Alhamisi baada ya darasa la mazungumzo tutakaa na kompyuta mbili kwenye chumba cha klabu. Njoo na anwani yako na pasipoti yako. Ukiweza, mpigie na mama yako simu kabla hujaja.