Ufundi wa Chuma Usiwe Siri

Msafiri atokaye Machakos mjini kwenda Kitui hupita Masii, kisha Wamunyu. Yamkini wengi wa wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi hawajafika huko, lakini kazi ya Wamunyu wameiona tangu utotoni. Vile vinyago vya twiga na simba, na vile vijiko vya mti wa mpingo viuzwavyo kwa watalii, asili yake ni huko. Mtu atajwaye kuwa mwanzilishi ni Mutisya Munge, mwana wa Wamunyu, aliyechukuliwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawaona Wazaramo wakichonga, akajifunza, akarudi na ufundi huo kwao. Jirani akamfunza jirani. Kufikia mwaka wa 1963 Wakamba wachongaji walikuwa na chama chao cha ushirika hapa hapa Changamwe, na nyumba nyingi zikala kwa tezo.

Tumeanza na mti, lakini nia yetu leo ni chuma, na mahali ni Masii, mwendo mfupi kabla ya Wamunyu.

Kama miji yote midogo ya soko nchini, Masii ina mafundi wa kuchomelea. Kazi yao ni malango, madirisha, na mikokoteni ya punda iliyotiwa ekseli ya gari kuukuu. Na popote palipo na mafundi hao hapakosi kijana mwenye ndoto ya kuunda gari lake mwenyewe. Kila baada ya muda magazeti ya Kenya hutoa picha ya kijana wa namna hiyo, amesimama kando ya kigari cha mabati na injini ya pikipiki. Watu humsifu, mkubwa fulani huahidi msaada, kisha kimya. Mwakani huchipuka mwingine katika wilaya nyingine, naye huanza pale pale alipoanza yule wa kwanza, akikosea makosa yale yale. Hili ndilo linalotuudhi. Vipaji twavipata kila mwaka. Aliyojifunza mmoja hayamfikii wa pili.

Na makosa ya kazi hii si ya kuchekesha. Kijana aundaye fremu ya gari akichomelea upande mmoja hadi mwisho kabla ya kuugusa wa pili, chuma kikipoa humvuta, na fremu iliyokuwa mraba huenda mshazari. Dawa yake ni ndogo: shikiza pembe zote kwa vitone kwanza, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili, vipimo vikilingana ndipo uchomelee kidogo huku na kidogo kule. Chuma cha springi nacho kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kama chuma cha lango kitashika, utafurahi, kisha kitakatika kando ya kiungo siku gari limebeba watu. Vijiti vya aina ya 7018, vitumiwavyo kwa kazi nzito, havitaki unyevu, kwani unyevu huingiza hidrojeni ndani ya kiungo na nyufa huja baada ya kupoa. Kwetu pwani, penye hewa ya chumvi, pakiti iliyoachwa wazi si ya kuaminiwa. Tangi lililowahi kutiwa petroli halisogezewi moto hata likiwa tupu, maana mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Na mkono wa usukani uliovunjika hauungwi njiani, hubadilishwa.

Kisha kuna mwili wa fundi mwenyewe. Miwani ya jua ya sokoni haizuii mwanga wa kuchomelea. Yatakiwa kioo cha kinga cha nambari 10 au 11, la sivyo usiku macho yatauma kama yaliyotiwa mchanga. Moshi wa mabomba yaliyopakwa zinki huleta homa, na yale maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa hayauondoi moshi kifuani. Sagua zinki kwanza, na usimame upepo ukipeleka moshi mbali nawe.

Hakuna hata moja katika hayo lililo siri. Yamo vitabuni, na mafundi wakongwe wayajua. Lakini vitabu vingi ni vya Kiingereza, na fundi mkongwe, akiogopa kwamba mwanafunzi wa leo ni mshindani wa kesho, huyasema nusu.

Hatumlaumu sana. Sisi wa pwani twajua desturi ya ufito na kilemba: mwanafunzi huleta ufito aanzapo, na kilemba amalizapo, na fundi hupata haki yake. Waunda majahazi wa Matondoni wamerithishana kazi kwa macho na mikono, bila ramani ya karatasi, na vyombo vyao vimekwenda. Na kila aliyepita chuoni ajua kwamba Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma, alifunzwa kuunda deraya. Hata mtume ana aliyemfunza. Lakini gari si kazi ya goti la fundi mmoja. Mwenye kujua kuchomelea huenda hajui breki, mwenye breki hajui umeme, na kijana wa Masii hawezi kulipa vilemba vinne.

Wenzetu Waingereza walilipitia jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka wa 1996 mwalimu Ron Champion alitoa kitabu cha kumfunza mtu wa kawaida kuunda kigari cha mbio kwa pauni 250, fremu yake ikiwa ya tyubu za mraba za kama milimita 25, na viungo vingine vikitolewa katika gari kuukuu. Vipimo vyote vilikuwa wazi. Waliofuata wakaona pa kurekebisha, wakarekebisha. Wengine wakachora fremu pana na ndefu zaidi kwa watu wenye miili mikubwa, nao wakazitoa bure. Wale ni watu wa kujifurahisha tu, wana kazi nyingine za kuwalisha.

Kenya nasi tulijaribu, tena kwa kishindo. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani, gari tano. Hazikuuzwa kwa umma kamwe. Fedha za kiwanda hazikupatikana. Fedha zina udhuru wake. Lakini elimu ya gari zile tano, mahali zilipopinda na jinsi zilivyonyooshwa, hiyo haikuhitaji kiwanda. Ilihitaji kijitabu cha Kiswahili cha bei ya sahani ya pilau, kikafika Masii na Mwala na Majengo ya Mombasa.

Wakamba wana jambo lao liitwalo mwethya: majirani hukusanyika wakafanya kazi ya mmoja leo na ya mwingine kesho. Kwa mwethya walichimba matuta ya fanya juu na kuyafunga makorongo ya Machakos, milima ambayo wakoloni walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa. Hakuna aliyeficha namna ya kuchimba tuta.

Basi twaviomba vyuo vya ufundi vya kaunti ya Machakos vifungue karakana zao Jumamosi moja kila mwezi, kwa fundi wa lango na kwa kijana wa kigari pia, kila mmoja alete kiungo kilichomkatikia na kielezwe mbele ya wote kwa nini kimekatika. Fundi mkongwe atakayefunza alipwe kilemba chake na kaunti. Na awepo mtu wa kuandika, kwa Kiswahili, pamoja na vipimo.