Muratina ya Mtini na Muratina ya Kibuyuni

Mkulima wa Kianjokoma, ukiulizwa muratina ni nini, utajibu nini? Mmoja atasema ni tunda, mwingine atasema ni pombe ya asali. Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo matata yanapoanza, maana vitu viwili vimepewa jina moja.

Kwanza tunda. Mti wake kwa Kiswahili ni mvungunya, nao hupenda mahali penye joto na kando ya mito, si huku juu kwenye majani chai. Tunda likiwa bichi lina sumu, nalo huharisha vibaya. Kwa hiyo wazee hulipasua, hulichemsha na kulianika juani mpaka likauke. Likisha kauka, halina ulevi hata kidogo. Kazi yake ni kuhifadhi hamira ndani ya nyuzi zake.

Pili pombe. Ulevi hutoka katika asali au maji ya miwa. Hamira iliyo katika tunda hula utamu huo na kuugeuza kuwa kileo. Basi tunda ni chombo cha kazi, na pombe ni kitu kingine kabisa.

Jambo hili si letu peke yetu. Ulaya kuna kiungo cha jikoni kiitwacho anisi, mbegu ndogo zenye harufu nzuri. Mwaka 1755, katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, Bibi Marie Brizard alianzisha biashara ya pombe tamu yenye harufu ya mbegu hizo, nayo huitwa anisette. Mbegu hutiwa katika mkate, na mtoto aweza kuila. Ile ya chupa ni kileo kikali, sukari na harufu. Majina yanafanana, lakini mtoto hapewi chupa.

Maoni yangu ni haya: jina jema la tunda lisiwe nguo ya kufunika pombe mbaya. Muuzaji akikuambia, "Kunywa, hii ni muratina, ni kitu cha wazee," usitosheke na jina. Muulize imepikwa na nani, na imetiwa nini. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa hapa Embu na katika kaunti nyingine, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo haijulikani kwa kuionja, wala hakuna tunda liwezalo kuiondoa.

Tena kumbuka kwamba tangu sheria ya vileo ya mwaka 2010, atengenezaye pombe ya kuuza hana budi kuwa na leseni.

Pombe ya asali ya kuposea ina heshima yake, na heshima hiyo hulindwa kwa asali safi na mikono safi. Nawe mfuga nyuki, asali yako ina bei nzuri hata isipotiwa kibuyuni. Waonye watoto wasichezee tunda bichi. Na wewe mwenyewe, kabla ya kuinua kikombe, jua kilichomo, usinywe jina.