Mrabaha wa Wi-Fi na porojo la jasho

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wanasheria na hata mafundi wa teknolojia: mwenye hataza akidai mrabaha anadai jasho lake, na anayebishia bei ni mwizi. Kwenye intaneti isiyo na waya, imani hiyo ni porojo. Mara nyingi bei inayodaiwa haipimi ubunifu wa mtu. Inapima jinsi mlipaji alivyobanwa kwenye kona.

Oktoba 2010 Motorola iliiandikia Microsoft barua ikitaka asilimia 2.25 ya bei ya kila Xbox kwa hataza zake za Wi-Fi. Si asilimia ya bei ya chipu, ni ya mashine nzima! Barua nyingine ikataka asilimia hiyohiyo kwa hataza za video, hadi kwenye kompyuta. Microsoft ilipiga hesabu ikapata zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Jaji James Robart wa Seattle alizichambua hataza zenyewe, na Aprili 2013 akapanga bei yake: za Wi-Fi, senti 3.471 kwa Xbox moja. Pamoja na za video, jumla ya mwaka ilikuwa takriban dola milioni 1.8. Miezi michache baadaye jopo la raia likaamua kwamba aliyevunja ahadi ni Motorola, na likaiamuru iilipe Microsoft dola milioni 14.5.

Ahadi gani? Kabla ya kiwango cha kiufundi cha Wi-Fi kuandikwa, wahandisi wa IEEE, taasisi inayokiandika, huwa na njia kadhaa mezani, na njia ya yeyote yaweza kuachwa. Kikishaandikwa na vifaa kutengenezwa kwa mamilioni, hakuna wa kurudi nyuma. Hapo mwenye hataza ni kama fundi aliyechangia tofali moja la msingi, kisha ghorofa lilipokamilika akadai kodi ya vyumba vyote. Ndiyo maana huombwa mapema aahidi kutoa leseni kwa bei ya haki, bila ubaguzi.

Watetezi watanitajia CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Sawa, hao walivumbua kweli. John O'Sullivan na wenzake, waliotoka kwenye elimu ya nyota kwa redio, walipata dawa ya mawimbi yanayogongana na kuta na kurudi yamevurugika. Hataza yao ilitolewa Marekani mwaka 1996 na imeingiza mamia ya mamilioni ya dola. Wanastahili. Hata hivyo, walipoishtaki Cisco, mahakama ya rufaa ilitengua mwaka 2015 fidia ya dola milioni 16, kwa kuwa jaji wa chini hakuiondoa kwenye hesabu thamani iliyoletwa na kiwango chenyewe.

Wapo pia watengenezaji wanaotumia vya watu miaka nenda rudi wakingoja kushtakiwa. Nao wabanwe.

Lakini msiniambie habari za jasho mbele ya kampuni ya Innovatio, iliyowashtaki wenye mikahawa na hoteli Marekani kwa kosa la kuwawekea wateja Wi-Fi. Kwa kifaa kimoja cha kurushia mawimbi ilitaka zaidi ya dola 3. Jaji James Holderman wa Chicago akahesabu kwa chipu, akaishusha hadi senti 9.56. Na hataza hizo Innovatio haikuzivumbua. Zilitoka kwa kampuni ya chipu ya Broadcom.